Mzee Kadi na Kitenzi cha Miaka Kumi na Mmoja

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne kazini, anastaafu mhariri mkuu wa kamusi yetu ya Kiingereza na Kiswahili, ambaye sote tunamwita Mzee Kadi. Alianza kwa kupanga kadi za maneno kwenye droo za mbao, akapanda hadi kiti cha uhariri, na hakuwahi kugombana na mtu. Ugomvi tuliletewa na kitenzi "foment".

Siku hizi maana yake ni kuchochea vurugu. Lakini Mzee Kadi alipofukua asili yake, alikuta kwamba zamani kilimaanisha kumkanda mgonjwa kwa kitambaa cha maji moto. Akataka kukanda kutangulie, maana mkubwa hupishwa. Msomaji wetu wa prufu, dada asiyeyumbishwa, akashikilia kuchochea kwanza. Na kanuni yetu haina mchezo: kila kadi ina nakala mbili, moja ya mhariri mkuu na moja ya msomaji wa prufu, na neno haliendi kwa mpiga chapa mpaka nakala zifanane.

Kadi ililala miaka kumi na mmoja. Sisi hatukulala. Idara iligawanyika, Wakandaji dirishani, Wachocheaji mlangoni, kila upande na birika lake la chai. Dereva wa ofisi, Mchocheaji wa kutupwa, hakumpakia Mkandaji kiti cha mbele hata siku moja. Najua, kwa sababu nilikaa nyuma miaka yote hiyo. Mzee Kadi mwenyewe aliogopa jambo moja tu, kuondoka na kadi haijafungwa.

Jumatatu iliyopita alijikwaa kwenye droo ya herufi F, goti likavimba. Aliyemwahi ni dada wa prufu. Alichemsha maji kwa birika la Wakandaji, akalowesha kitambaa, akamkanda nusu saa. Kisha akarudi mezani kwake akaandika kwenye nakala yake: kukanda kwanza.

Wakati huohuo Mzee Kadi, moyo umemlainika, alikuwa anaandika kwenye nakala yake: kuchochea kwanza.

Hakuna anayekubali kufuta. Kwa hiyo mzee ameombwa aje kila Alhamisi mpaka waafikiane, naye ameridhia. Idara nzima, kwa mara ya kwanza kwa kauli moja, inaomba wasiafikiane upesi.

Asante, mzee wetu, kwa kila kadi. Upumzike vyema, goti lipone, na Alhamisi usichelewe. Birika sasa ni moja.