Siku Kengele Alipokataa Kuimba

Benchi wanalokutania wazee wanne ni kiti cha nyuma cha basi la shule lililokufa zamani, kimeegemezwa ukutani nje ya gereji ya matairi ya Lucius Gantt, kwenye kona ya barabara inayoshuka kanisani, hapa Alcorn Ridge, Georgia. Lucius haitwi Lucius na mtu yeyote. Anaitwa Presha, kwa sababu kazi yake ni kujaza upepo na kwa sababu hasira zake hupanda kabla hujamaliza sentensi. Kila Jumamosi asubuhi yeye ndiye anayetoa kahawa, na watu wake hawabadiliki. Kuna Sajini, Harold Purvis, aliyerudi kutoka vita vya Vietnam na sikio moja zima. Kuna Shemasi, Amos Leake, ambaye cheo chake kanisani ni cha kweli ingawa mdomo wake haufanani nacho. Na kuna Kengele, Alonzo Tibbs, dereva mstaafu wa lori la maziwa, ambaye sauti yake ndiyo hufungua kila mechi ya futiboli ya Kimarekani ya shule ya sekondari inapochezwa nyumbani. Jumamosi hiyo Kengele alifika wa mwisho, akakaa, wala hakumsalimia mtu.

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Jana yake jioni alikuwa amesimama katikati ya uwanja, taa zote zimewashwa, kipaza sauti mkononi, akiimba wimbo wa taifa kama alivyouimba tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kabla hajafika katikati, vijana watano wa timu ya nyumbani walivua helmeti zao, wakapiga goti kwenye nyasi. Jukwaa likaanza kuzomea. Waliokuwa wameweka mikono vifuani waliiondoa wakaifanya vipaza sauti. Kengele aliendelea kuimba ndani ya zile kelele mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti ikamkatikia kwenye ile noti ya juu. Asubuhi hiyo mkuu wa shule alikuwa ameshatangaza kwamba wale watano hawatacheza mechi inayofuata.

Mmoja wao alikuwa Tavaris, mjukuu wa Shemasi.

— Mjukuu wako kaniharibia wimbo, — Kengele akasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza.

— Mjukuu wangu alikuwa kimya, — Shemasi akajibu. — Hakutoa hata pumzi. Waliozomea ni wale wanaosema wanauheshimu wimbo. Mbona hao huwadai kitu?

Hilo ndilo lililokuwa limemkosesha Kengele usingizi. Lakini hasira haipendi kupelekwa pengine ikishachagua pa kukaa, na yake ilikuwa imewakalia wale watoto. Alikuwa amewafundisha watatu kati yao kuimba kwaya. Wangeweza kumwambia, alisema. Wangeweza kupita nyumbani kwake, kugonga mlango, kumwambia mzee, kesho tutapiga goti, usishtuke. Badala yake wamemwacha peke yake katikati ya uwanja kama mjinga.

Presha akaleta kahawa na nadharia yake. Yeye alikuwa na hakika kwamba yote yamepangwa na timu ya Coley, wapinzani wa mechi ijayo. Wamewatumia watoto ujumbe kwenye simu, wamewajaza maneno, na sasa wachezaji wetu watano bora wako nje. Shemasi alipomuuliza Coley ingejuaje kwamba mkuu wa shule atawafungia, Presha akapandisha zaidi: mkuu wa shule mwenyewe yumo. Anataka kumwondoa Kengele amlete yule kijana wa gitaa anayeimba kwenye harusi, na alihitaji sababu.

— Wewe Presha, kunywa kahawa yako, — Sajini akasema.

— Nakwambia yumo.

— Na mimi nakwambia kunywa kahawa.

Hata Shemasi naye akachomoa nadharia ya kwake. Akadai kwamba ule wimbo uliwekwa juu vile makusudi, watu wa kawaida wakiimba sauti ziwapasuke, waone aibu, waache kazi hiyo kwa wenye vyeo. Kengele akamwambia hapo amechemka kabisa, kwamba wimbo ni mgumu kwa sababu ni mgumu, na asitafute mchawi kwenye noti.

Ndipo Sajini akaweka kikombe chini. Yeye husema machache, na akisema hugeuza lile sikio zima upande wako ili akusikie ukimjibu.

— Nilimbeba Otis Raines kwenye sanduku kutoka vitani, — alisema. — Bendera juu. Nilishika pembe ya kushoto njia nzima mpaka kwa mama yake. Kwa hiyo nikiona mtoto amepiga goti, sioni siasa. Namwona Otis. Uwanja ni wa mpira. Mwenye la kusema akaseme panapozungumzwa.

— Otis nilimjua mimi pia, — Shemasi akasema. — Lakini nijibu. Ukienda kununua nyama, huwa unaimbiwa wimbo wa taifa kwanza? Ukienda benki? Kule sinema?

— Usinichezee, Amos.

— Sikuchezei. Nauliza nani aliyeingiza mambo ya serikali kwenye mpira wa watoto. Walikuta yameshawekwa pale. Wanaambiwa wasimame, wanaambiwa mkono uwe wapi. Hiyo si siasa. Mtoto akikunja goti, ghafla inakuwa siasa.

Sajini alisimama. Akamwambia Shemasi kwamba angemlea mjukuu wake vizuri, haya yasingetokea. Shemasi naye akasimama. Presha akaacha gari la mteja hewani kwenye jeki, akaja kusimama katikati yao na spana mkononi, akiwasihi wasimwage damu mbele ya biashara yake.

Hapo ndipo Bi Verlene alipofika. Alikuwa mpishi wa shule miaka yote, na hakuna mmoja pale ambaye mwanawe hakula mkononi mwake. Alikuwa anatoka dukani na mfuko wa viazi. Wote watatu wakakaa, maana walijua walichokuwa wanakigombania kinamhusu nani. Jarell alikuwa mtoto wa dada yake. Alichezea timu hiyohiyo mpaka alipohitimu, na masika yaliyopita polisi alimsimamisha kwenye barabara ya kwenda Coley, akamwagiza atoe leseni, na alipoinama kuitoa akampiga risasi. Baraza la mahakama likakaa, likasema yule polisi hana kesi ya kujibu. Goti la wale vijana lilikuwa kwa ajili ya Jarell.

— Nimewasikia kutoka kule kona, — Bi Verlene akasema. — Msinyamaze kwa ajili yangu.

Sajini akavua kofia. Akaanza kusema kwamba anamhurumia, kwamba hakuna asiyemlilia Jarell, ila mahali na wakati...

— Sawa, kaka Harold. Mahali. — Alishusha mfuko chini. — Tulisali kanisani. Mkasema tumesali vizuri. Tulikwenda baraza la mji, wakatupa dakika mbili, wakazima kipaza sauti tukiwa bado tunataja jina lake. Tuliandamana pale barabara kuu, wakasema tunazuia biashara. Watoto wakavaa fulana zenye picha yake shuleni, wakarudishwa nyumbani. Sasa ninyi ni watu wazima na mmekaa hapa asubuhi nzima. Niambieni wakapige goti wapi, niende nikawaambie.

Alisubiri. Hakuuliza kwa kuwasuta. Alitaka kweli kujua. Presha akatazama spana yake. Gari lilipita, likapita jingine.

— Basi mkishapajua mtanipigia simu, — akasema, akachukua viazi vyake akaenda zake.

Kengele alimtazama mpaka alipokata kona. Hasira yake ilikuwa palepale, ila sasa haikujua pa kukaa. Alitoa simu, akampigia mkuu wa shule, na wote wakamsikia akisema kwa ile sauti yake ya uwanjani kwamba Ijumaa haimbi. Hapana, haumwi. Hasemi watoto walifanya vizuri, bado ana lake na wao. Anasema wakiwa nje wao, na yeye yuko nje.

Alipokata simu, Sajini alikuwa ameshainuka.

— Umewachagua, — akasema.

— Sijamchagua mtu.

— Umewachagua, Alonzo. Mbele yangu. — Akaondoka bila kumaliza kahawa, na wiki nzima hakupokea simu ya mtu.

Ijumaa Kengele alikwenda uwanjani kama watu wengine. Miaka yote aliingia kwa mlango wa wachezaji, ubavuni, anapokelewa na kocha. Safari hii alipanga foleni kwenye lango kuu, pamoja na akina mama wenye blanketi na watoto wenye bisi. Foleni ilikwenda taratibu kwa sababu mifuko ilikuwa inakaguliwa. Alipofika mbele, polisi aliyekuwa anakagua akainua uso, akatabasamu.

— Mzee Tibbs. Nasikia leo huimbi. Tutaikosa sauti yako.

Kengele akasoma jina kifuani pake. Haskett. Lilikuwa jina la aliyempiga risasi Jarell, lile lililokuwa kwenye magazeti masika yote. Alikuwa amerudishwa kazini, na kazi aliyopewa ilikuwa hii ya kusimama langoni, mahali ambapo kila aliyecheza na Jarell zamani na mama wa kila mmoja wao lazima wapite, wafungue mifuko, waseme asante. Miguu ikampitisha Kengele tu, na waliokuwa nyuma yake wakasogea.

Alipanda jukwaani akakaa juu kabisa. Hata watoto wangekuja kugonga mlango wake, wakamweleza habari za lango lile, asingewaamini. Ndipo akamwona Sajini anapanda ngazi, kofia yake ya jeshi kichwani, anapita nafasi zote tupu mpaka kwake. Akakaa.

— Nimepitia lango lile, — Sajini akasema.

— Mimi pia.

— Kanishukuru kwa kulitumikia taifa. Kanipa mkono.

— Ukaushika?

Sajini akaishusha kofia machoni. Akasema bado ana hasira na yeye, asidhani amekuja kupatana. Kengele akamwambia akae nayo, hata yeye anayo ya kutosha.

Kule chini wakawasha wimbo wa kwenye kanda, kwaya ya watu wasiojulikana, na spika za uwanja zikaanza kukwaruza. Jukwaa zima likainuka. Wazee wawili nao wakainuka, maana miili yao haikujua kufanya vingine. Kengele alitazama mbele, kwenye zile nyasi alipozoea kusimama, mpaka karibu na mwisho, ndipo akamwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho. Sajini alikuwa wima kama mlingoti, anatazama langoni aliposimama Haskett. Mkono wake wa kulia, ule ambao Kengele hajawahi kuuona ukichelewa kupanda kofiani kupiga saluti, ulikuwa mfukoni, na haukutoka.