Bwana Alinifungua kwa Mkono wa Josiane

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu. Asifiwe yeye anayefungua hata vifungo ambavyo mfungwa mwenyewe amevipenda! Mimi nilikuwa mfungwa wa namna hiyo.

Wengi wenu hapa mtaani Lumumba mnanijua kama binti aliyekwenda Jordani kusoma Kiarabu. Nilikuwa na miaka kumi na sita shule yetu ilipoingia katika mpango wa kubadilishana utamaduni, na baadhi yenu mlimwuliza baba kama nitarudi nikiwa bado Mkristo. Niwaeleze taratibu, maana wako vijana wanaotamani lugha hiyo na wazazi wao wanaogopa. Kule nilikuta Wakristo wanaomwita Mungu kwa neno lile lile wanalotumia majirani zao Waislamu. Kiarabu hakikuugusa wokovu wangu. Kilichokuwa kikiula nilikibeba mwenyewe kutoka Bunia.

Tulichaguliwa wawili. Mwenzangu aliitwa Josiane, na alikuwa wa jamii ile. Mnanielewa, hapa mkoani Ituri kila mmoja ana jamii yake anayoiita ile. Sisi tulikimbia kutoka kijijini kwetu Gety nikiwa mdogo, nyumba ikiwaka nyuma yetu, na tangu hapo niliamini kwamba kila mtu wa kwao alishika kiberiti. Nilipoona jina lake kwenye orodha nilitaka kuacha safari. Baba akaniambia niende nikasome, ila nisimzoee.

Tukapangiwa nyumba moja, chumba kimoja! Mama mwenye nyumba aliitwa Umm Samir, yaani Mama Samir, kama sisi tunavyomwita mtu kwa jina la mtoto wake. Aliona wasichana wawili wa mji mmoja, akatuita dada. Mwezi wa kwanza Kiarabu kilinikataa kabisa. Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye, na huku yule pekee aliyejua Kiswahili alilala hatua mbili kutoka kitandani kwangu. Sikumjibu hata salamu. Simu yake ilipoharibika, aliniomba yangu amsalimie mama yake. Nikamdanganya kwamba haina moto, betri imekwisha. Na kila asubuhi, ndugu zangu, nilikuwa nikisali.

Siku chache baadaye, mchana, baba akapiga simu: tate, mama yake mzazi, amefariki huko Gety, na wameshamzika. Nililia pale sebuleni. Umm Samir alinikumbatia, akanikalisha kwenye kiti laini, akaniletea kahawa chungu, kama wao wanavyofanya penye msiba. Alinihurumia kweli, lakini maneno yake sikuyaelewa, na hakuna mtu pale aliyewahi kulisikia jina la tate.

Josiane akaingia. Akanisikia nikilia kwamba tate amekufa. Alirudi chumbani, akalitoa godoro lake kitandani, akaliburuta mpaka sebuleni na kulitandika sakafuni. Kisha akanishika mkono, akaniita dada kwa Kiswahili cha kwetu.

"Shuka, yaya. Mutu wa kilio haikalake mu fotey."

Mnajua desturi yetu: mwenye kufiwa hukaa chini, na watu huja kukaa naye. Nikashuka. Akaniuliza jina la tate, akaanza kumlilia kwa jina, kama jirani anavyolia akiingia uani. Umm Samir alitutazama, halafu naye, bila kuelewa lolote, akashuka akakaa kwenye ukingo wa godoro.

Tulipotulia nilimwuliza Josiane kwa nini ananifanyia hivi, na mimi nilimnyima simu.

"Weye ndiye ulininyima," akasema. "Tate yako hakuninyima kitu. Hata siye nyumba yetu iliwaka. Papa alikuwa ndani."

Pale chini Bwana alinifungua. Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Niliona aibu, na baada ya aibu, wepesi. Nikamwomba Josiane msamaha, nikampa simu ampigie mama yake. Tangu siku ile hata Kiarabu kilianza kuniingia, kwa sababu tuliulizana maneno na kuchekana. Alisema ninakitamka kama mbuzi anayevutwa sokoni.

Lakini kufunguliwa ugenini ni rahisi kuliko kuonekana umefunguliwa nyumbani. Tuliposhuka kwenye uwanja wa ndege wa Bunia, baba alisimama upande mmoja na mama yake Josiane upande wa pili, kila mmoja akitazama kwingine. Ningeweza kumuaga kwa macho tu. Badala yake nikamshika Josiane mkono nikampeleka mbele ya baba.

"Papa, huyu ndiye alikaa na miye kilio ya mama yako."

Baba akamgeukia Josiane.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Tatu, papa," Josiane akajibu.

Baba akavua kofia. Akavuka mpaka upande wa pili, akamshukuru yule mama, kwa kuwa aliyekaa kilio chenu haachwi bila shukrani.

Sisemi Ituri imepona. Wako wanaokimbia hata leo. Lakini namshukuru Mungu kwa ile nafasi kati ya pande mbili ambayo baba yangu aliivuka. Nawe unayebeba kinyongo, usingoje moyo uwe tayari; wangu haukuwa tayari. Mtumaini Bwana. Ukishindwa kuisamehe jamii nzima, mtajie Bwana jina la mtu mmoja tu, naye ataanzia hapo.