Kinanda cha Karatasi Kilipoogopesha Bukiriro

Yesu Kristo apewe sifa, ndugu zangu wa Bukiriro, nanyi mliopanda vilima kutoka Bugarama! Mnaonifahamu mnajua kwamba mimi Leokadia nikisimama mbele za watu magoti hugongana na maneno hunikauka. Kwa hiyo nimeandika, katekista anisomee. Mimi nimekaa huku nyuma kwa akina mama. Msigeuke kunitazama, tafadhali!

Nashuhudia jinsi Mungu alivyomwokoa mama yangu asifukuzwe nchini kwetu kama mchawi. Wengine mlikuwapo, wengine mlisikia mambo yameongezwa chumvi. Sikilizeni yalivyokuwa.

Baba alipofariki, mama yangu Sabina alibaki na migomba, jiwe la kusagia, na mimi. Padre akampa kazi ya kuzungusha kinanda cha kanisani. Alimchagua kwa ajili ya mkono wake, maana kwa kusaga ulezi miaka yote mkono ule hauendi mbio wala hauchelewi. Kinanda chetu hakipigwi kwa vidole. Ni kisanduku cha mbao chenye mvukuto tumboni, ndimi ndogo za shaba, za sauti nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na mkono wa chuma pembeni. Juu yake hupita ukanda mpana wa karatasi wenye matundu, ulioungwa kichwa na mkia ukawa duara. Ukizungusha mkono, karatasi hutembea, na wimbo hutoka. Nami niliyekwenda kusoma kwa Masista kule Bukoba, nikajua ramani na hesabu, sikuwahi kujiuliza wimbo ule unakaa wapi. Niliuzoea tu, kama mvua.

Ndugu zangu, wakati wa likizo yangu karatasi ile ilichanika pale ilipoungwa. Padre alikuwa safarini kwenye vigango vya upande wa Biharamulo. Mama akaiunga kwa uji mzito wa muhogo, akairudisha kinandani jioni ya Jumamosi, tukalala bila wasiwasi.

Dominika, mama akazungusha. Lo! Ule wimbo wa Bikira Maria tunaoujua sote ukatoka umepinda. Pale unapopanda, ukashuka kama mtu anayetumbukia shimoni. Pale unapotulia chini, ukapaa na kulia kama mbuzi anayechinjwa. Na katikati, mluzi mmoja mkali uliopenya masikio! "Mawe! Mama yangu!" walilia akina mama, na watoto wakatokea madirishani. Mama akaachia mkono wa chuma kana kwamba umemuunguza.

Baba mdogo Balthazari, mdogo wake marehemu baba, alisimama, macho kwenye mkono wa mama.

"Shemeji, mkono wako umeita nini humu ndani?"

"Nimezungusha tu, shemeji. Kama siku zote."

"Siku zote hakikulia hivi!"

Jioni ile ile ndama wake akafa. Jumatatu asubuhi alifika uani kwetu na wazee wawili wa ukoo. Hakukaa, hata kiti hakukitazama. Alisema Dominika ijayo, baada ya sala, mama atapelekwa kwa mtwale, mtawala wetu, na mtwale akitaka ampeleke Boma kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya. Avuke mpaka wa nchi yetu, asirudi. Mimi nitabaki kwao. Nataka mjue kwamba hakusema kwa chuki. Aliogopa, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

Tangu saa ile mama hakula. Alinawa mkono wake wa kuume, akanawa tena, akanawa tena. Kisha akaniuliza, "Leokadia, mkono wa mtu unaweza kuingiwa na kitu bila mwenyewe kujua?" Nilikwenda nyuma ya nyumba nikamwambia Mungu: Baba yangu umemchukua, mama huyu niachie.

Jumatano nilijikaza nikaenda kwa katekista, huyu huyu anayewasomea, kuomba ufunguo wa kanisa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ufunguo huu hapa. Mimi siingii. Kikianza kuimba chenyewe, wewe kimbia, usingoje kuja kunieleza."

(Usiruke hapo, mwalimu. Soma yote.)

Niliitoa karatasi nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Matundu yote yalikuwa na kingo safi, yamekatwa kwa chuma. Lakini karibu na pale alipounga mama palikuwa na tundu moja lenye kingo za kutafunwa. Mende! Alifuata uji wa muhogo, akala na karatasi. Nikaliziba kwa kipande cha karatasi na utomvu wa mgomba, nikangoja likauke, nikazungusha huku mguu mmoja uko tayari kukimbia. Mluzi haukulia tena! Lakini wimbo ulikuwa bado umepinda. Nikazungusha mara ya pili, ya tatu, yale yale. Nikakaa chini nikalia, maana nilijua baba mdogo hatamsamehe mama kwa kupungua kwa mluzi tu.

Nikasema, Bwana, mimi nimefika mwisho wangu.

Ndugu zangu, karatasi ilikuwa magotini mwangu, jua likapita kwenye matundu, na sakafuni mbele yangu pakatokea vidoa vya mwanga. Vingine vifupi, vingine virefu, vimepangana kama njia ya siafu. Nikaanza kuvifuata kwa kidole huku nikiimba moyoni. Neno refu, kidoa kirefu. Neno fupi, kidoa kifupi. Nilikuwa nausoma wimbo kwa macho! Na niliposoma nikaona: sauti inapopanda, vidoa vinakwenda upande wa sauti nene. Inaposhuka, vinakwenda upande wa sauti nyembamba. Mama alikuwa ameiunga karatasi ndani nje, kama shati lililovaliwa kinyume. Basi!

Sikugeuza mara moja. Nilibaki nimeishika, naogopa hata kupumua. Mtu wa ng'ambo, asiyewahi kutuona, alikaa akaiwaza kila sauti kabla haijalia, akaikatia mahali pake. Kile kisanduku hakijui Bikira wala shetani. Kinatii karatasi, hata ikigeuzwa, kinatii. Nilikuwa natetemeka, na kwa mara ya kwanza si kwa haya.

Nikaigeuza, nikazungusha. Ulitoka mtamu, ndugu zangu, mtamu!

Dominika kanisa lilijaa hadi nje. Wazee walikaa mbele na fimbo zao. Sijui nani alininyanyua kwenye ile benchi. Nilijikuta mbele ya baba mdogo, nikapiga goti.

"Shikamoo, baba mdogo. Zungusha wewe."

"Mimi? Kwani nimechoka kuishi?"

"Balthazari, zungusha!" akapaza sauti mke wake. "Au mkono wako ni wa kushika kikombe tu?"

Akazungusha, amefumba macho. Ukatoka wimbo wa Bikira Maria, safi. Watu wakaimba wenyewe. Ulipokwisha niliitoa karatasi, nikaigeuza ndani nje mbele ya macho yao, nikairudisha. "Tena, baba mdogo." Akazungusha, na kile kilio cha mbuzi kikatoka kwenye mkono wake mwenyewe! Akaruka nyuma.

"Jamani! Na mimi nimekuwa mchawi?"

Kanisa likaangua kicheko. Yeye akashupaa, "Na ndama wangu je?"

"Ndama alikuwa anaharisha tangu Ijumaa," mke wake akajibu, "mwenyewe ulimpa dawa!"

Baba mdogo akamwendea mama yangu, akamshika ule mkono wa kuume kwa mikono yake miwili. Mama ndiye aliyesema: "Twende nyumbani, shemeji. Nina njaa."

Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa chakula alichokula mama siku ile. Na jambo moja bado linanishangaza nikiwa peke yangu: kinanda kile huimba pale tu karatasi ilipokosekana, penye tundu. Nami nilidhani alipokosekana baba nyumbani kwetu hapatatoka kitu isipokuwa kilio. Sisemi kila tundu limekatwa na Mungu, mengine ni ya mende. Kuyatenga siwezi. Lakini wewe mwenye pengo lako, uliyekaa hapo leo umejifunika khanga usoni, usilifiche. Litoe mlangoni kwenye mwanga, mwambie Bwana alitazame pamoja nawe. Mtumaini! Mimi nilimtumaini, na mama yangu huyu hapa, amekaa kando yangu.