Papa Casimir na Miguu ya Mende Wasio na Kichwa

Baada ya miaka thelathini na sita katika maabara yetu ya wadudu, fundi wetu Papa Casimir Ntumba anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Wakuu wa idara kumi na mmoja wamekuja na kuondoka. Yeye alishinda katika chumba namba nne, akigusagusa miguu ya wadudu.

Alianza na panzi. Kosa kubwa! Mwaka 1994 aliwaacha panzi mia mbili peke yao Jumamosi na Jumapili. Jumatatu akakuta kamati ya sherehe imeshawakaanga na kuwala kwa bukari, ugali wetu. Profesa mmoja alilalamika kwamba pilipili ilikuwa kidogo. Ndipo Papa akahamia mende, ambao hadi leo hakuna mwenzetu aliyewatamani.

Somo lake wanafunzi wote wanalijua. Mende mkate kichwa, kisha gusa unywele wa mguu wake: mguu unajikunja. Chembe ya neva iliyo chini ya unywele huo hupeleka habari kwenye fundo la neva kifuani, fundo huamuru misuli, basi. Kichwa hakiulizwi. Jamani, tuseme ukweli: idara yetu nayo imekwenda hivyohivyo. Mkuu yuko Kinshasa kwenye semina, mitihani ya vitendo inafanyika, darubini ni safi, na aliyepanga yote ni Papa Casimir.

Mwezi wa tatu aliomba jambo moja tu: nafasi yake apewe Mama Benita, msaidizi wake wa miaka kumi na miwili. Ikaja tume ya watu watano kuamua, ikiongozwa na Monsieur Lucien, aliyevaa koti na joto lile. Papa akawaonyesha mende wake asiye na kichwa. Mguu ukajikunja. Tume ikapiga makofi, na Monsieur Lucien akasema mara tatu kwamba iko muzuri sana.

Jibu limefika wiki iliyopita. Kwa kuwa tume imejionea kwamba mguu hujiendesha wenyewe, nafasi ya fundi wa maabara imefutwa, na idara itapata naibu mkuu wa pili. Loo! Wameonyeshwa mdudu anayeishi bila kichwa, wao wakang'oa fundo na kuongeza kichwa.

Imetuuma, hatufichi. Mama Benita atawalisha mende hadi tarehe thelathini, kisha chumba kinafungwa.

Papa Casimir, asante kwa yote. Upumzike salama nyumbani mtaa wa Hewa Bora, ule panzi wako bila kuibiwa. Ukipita huku siku moja, tuguse. Usishangae tusiposogea.