Kanda Isiyo na Jina ya Marehemu Lesieli Havili

Ndugu waombolezaji, mimi ni Kepu, mdogo wake marehemu, na nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, ingawa kuna mahali nitakwama, mnisamehe.

Marehemu Lesieli alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 kijijini Kolonga, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha sekondari ya wasichana mjini Nuku'alofa, akahitimu mwaka 1975, akajifunza kutengeneza redio, na mwaka 1985 akafungua duka lake karibu na soko, ambako alisafisha kanda za video zilizoliwa na ukungu, akaunga tepe zilizokatika, akahamisha harusi na mazishi yetu kwenye kanda mpya.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Penisoni Havili, wakajaliwa watoto wawili, Fifita na Tomasi.

Machi 2009 mafuriko yaliingia dukani, vibandiko vya majina vikabanduka, naye akaosha kanda mia moja na arobaini, moja moja, kwa maji safi, kisha akawaita wenyewe waje kutazama na kutambua. Katika kanda moja kulikuwa na kijana akicheza ngoma kwenye sherehe ya kanisa, uso umefutika, na Mama Vaimoana akapiga kelele, "Sateki wangu huyo!", Mama Telesia akaruka, "Weee! Sateki wako alijua kucheza lini? Huyo Kolio wangu, tazama bega hilo!" Vijana hao walikuwa marafiki, walifariki kwa ajali moja ya lori mwaka 1991, na hakuna mama aliyebaki na picha nyingine ya mwanawe.

Dada alirekodi nakala mbili, akampa kila mama nakala yake, na akina mama hao hawakusalimiana tena. Nilipomuuliza ni nani hasa, alinijibu, "Kepu, mimi natengeneza kanda, niache."

Mwaka 2017 aliugua figo, akalazwa mara nne, na asubuhi ya tarehe 2 Juni 2019 alinishika mkono, akasema, "Nimeuona uso. Mwambie mama yake." Nikamuuliza, "Mama yupi, dada?" Akanitazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo lililo wazi, akasema, "Si yule..." na kabla hajamaliza akakata roho.

Nimeicheza kanda ile kutwa nzima, mara kumi na tisa, nikaona bega tu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika tangu Jumapili, mafundi wenzake wa sokoni, na ninyi Mama Vaimoana na Mama Telesia, mliokuja kila mmoja na mkeka wake, mkakosa nafasi, mkaketi pamoja kwenye mkeka mmoja. Ujumbe ninao, mwenyewe simjui, basi nawakabidhi nyote wawili: uso wa mwanao ulionekana.

Dada Lesieli, kazi umeimaliza, pumzika sasa kwa amani.