Haiuzwi

Kivuko cha Sengerema kilipoondoka, Teodora aliketi na binti yake nyuma ya wanaume wawili waliokuwa wakibishana juu ya vigari vya Kifaransa vyenye mbio. Hawakujuana, ila wapenda magari hawasubiri kujulishana. Kigari kimojawapo, Reno nyekundu ya miaka ya sabini, kilikuwa pale pale mbele yao.

"Niuzie, mzee," alisema Luhende, mkusanyaji wa magari ya zamani kutoka Igogo. "Niiweke kando ya Pijo 205 yangu, GTI ya themanini na sita. Ile ukigusa mafuta tu, inaruka. Hii yako inakohoa."

"Inakohoa, lakini inafika," alijibu mwenye Reno. "Yako imewahi kumbeba nani?"

"Haibebi mtu! Naifunika turubai, hata mvua haiijui."

"Basi hilo ni kabati."

Teodora alikuwa ameshaitambua ile Reno. Masika moja, magari makubwa yalipokwama kwenye tope, ndiyo iliyomfikisha hospitali akiwa na uchungu. Mwenyewe akaondoka kabla ya kushukuriwa. Kwao mtoto hupewa jina la aliyemwokoa mama yake, na mzee huyu hakuacha jina ila la gari.

Kivuko kikagusa gati, ubishi haujaisha. Teodora akamsogeza binti yake mbele.

"Reno," alisema, "mwamkie babu yako."