Zadock Owiti na Ndege wa Tope

Zadock Owiti Ojwang', mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ojwang' na Mama Wilikista, alizaliwa Luanda Kotieno mwaka 1921. Alisoma shule karibu na Maseno hadi darasa la nne, na mwandiko wake ulisifiwa. Aliacha shule baba yake alipofariki.

Alirudi nyumbani akawa mshona nyavu na mkulima. Lakini wengi wenu mlimjua kwa ndege wa tope, wale wadogo wenye miguu mirefu wanaokuja ziwani kukimbia baridi ya kwao. Kila Machi aliwatazama wakinenepa na kuwa wekundu kifuani. Mwisho wa Aprili wakishainuka kwenda kaskazini, ndipo naye alianza jambo lake: kujenga, kusafiri, hata kuoa. Alipomposa Perez Akumu mwaka 1948, alisema ng'ombe watafika ndege wakishaondoka. Baba mkwe akamuuliza, "Na wasipoondoka?"

"Basi, Mzee, nitakaa hapa nikusaidie kuchunga."

Ng'ombe walifika Mei, na harusi ikafungwa kanisani.

Ziwa lilipopanda mwaka 1962 likameza tope na nyumba yao, Perez alidhani mazoea hayo nayo yamezama. Hayakuzama.

Februari mwaka huu tumbo la Zadock lilianza kuvimba. Daktari mjini Kisumu alisema apasuliwe upesi. Zadock akasema ndege wakishaondoka. Perez alimsihi, akaita wazee wa kanisa, akafunga nguo za safari kwenye kikapu na kuzifungua tena. Aprili ikaisha, wekundu wakaenda zao. Zadock, ambaye sasa hata kukaa alikaa kwa kuegemezwa, akaonyesha wachache waliobaki ufuoni.

"Hao ni watoto, Baba Agneta," Perez akamwambia. "Wa kijivu hawaendi mwaka wao wa kwanza. Wewe ndiye ulinifundisha."

Ndipo Zadock akamwambia, "Mama, naogopa kisu."

Perez akamshika mkono, akamwambia hata yeye anaogopa, lakini waende. Akakubali. Waliondoka alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Mei 1976. Njia nzima aliuliza kama wamefika. Alifariki Kisian, mji ukiwa mbele yao tu.

Ameacha mjane, Perez. Watoto, Agneta, Tom na Walter. Na wajukuu watano. Perez ameomba hili lisomwe: aliye hapa na maumivu anayoyaficha, asingoje kitu. Gari lililoleta jeneza linarudi Kisumu jioni hii, na nafasi ipo.

Mungu ampumzishe Zadock.